Pamba Safi Niliyoiita Chafu

Nilimpeleka kifungoni mtu asiye na kosa. Sikuwa jaji wala askari. Nilikuwa kijana mwenye kazi yake ya kwanza na kisasi chake cha kwanza, na sitawadanganya: siku ile nilifurahi.

Sasa imepita miaka arobaini, nimehama miji mingi, na bado nasikia harufu ya soko la pamba la pale Baraka, kando ya ziwa. Niacheni niseme.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri, wa kwanza katika kijiji chetu. Chuo kikuu kwetu kilikuwa hadithi tu, kwa hiyo msomi ndiye mimi. Nilirudi na viatu vyangu, nikatafuta ukarani. Nilipanda mpaka Fizi kwenye ofisi ya serikali, nikaenda hadi Uvira. Kila mahali: rudi mwezi ujao.

Nilitaka kitu kimoja. Nilitaka watu wa kwetu waniite Bwana.

Jirani yetu Wilondja ndiye aliyenichoma. Kila asubuhi alipita na jembe begani, akanikuta barazani na shati langu la pasi.

"Karani, leo umeandika mihogo ngapi?"

Watu walicheka. Mama yangu, mjane, naye alicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Halafu siku ya arusi moja, mbele ya wote, akanipa jembe jipya. "Kamata, mutoto wangu. Kalamu ya huku ni hii. Wino yake ni jasho."

Arusi nzima ilivunjika mbavu. Nililipokea, nikalisimamisha nyuma ya mlango, na sikulitia udongo hata mara moja. Kila nilipofunga mlango nililiona, na moyoni nikamwambia Wilondja: siku yako inakuja.

Ikaja. Kampuni iliyonunua pamba ilihitaji mtu wa kusimama mbele ya mizani na kuamua, ikanichukua mimi. Nikisema safi, kapu linamwagwa kwenye lundo la bei nzuri. Nikisema chafu, bei inaanguka, na mwenye pamba anaulizwa na serikali kwa nini amezembea, maana kulima pamba kulikuwa lazima.

Wilondja alifika na mkewe, vikapu vimejaa. Pamba yake haikuwa na jani wala doa. Aliponiona akatabasamu.

"Aa, karani wetu! Leo kalamu imepata kazi."

Leo naamini alifurahi kwa ajili yangu. Siku ile nilisikia kicheko cha arusi.

Nilizamisha mkono kapuni, nikamwambia mzungu wa kampuni kwa Kifaransa kwamba pamba ni chafu, na ya chini imelowanishwa maji ili iongeze uzito. Mzungu hakuinuka kuigusa. Aliniamini.

"Karani, umesema nini?" Wilondja aliniuliza.

"Sema Bwana."

Alinitazama. "Bwana, umesema nini?"

Askari walikuwa wamekwisha kumshika. Walimpandisha Fizi, akatiwa kasho, jela ya serikali, akala fimbo na kuvunja mawe ya barabara.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi, mikono mapajani.

"Ile pamba nilichambua mimi," alisema.

Kwetu wanawake walichambua pamba kwa zamu, leo ya huyu, kesho ya yule. Na mke wa Wilondja ndiye aliyemsaidia mama kulima miaka yote niliyokuwa shuleni. Nilijua hayo yote. Sikutaka kuyakumbuka.

"Tulichambua mpaka macho ikauma," mama akaendelea. "Maji iliingia wapi, mwanangu?"

Ningeweza kurudi kwa mzungu na kusema nimekosea. Ningepoteza kazi. Sikwenda. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wilondja alirudi mvua zimeanza, wenzake wamekwisha kupanda. Alisimama mbele ya baraza letu, amekonda, mgongo haunyooki. Nilingoja matusi, nami nilikuwa na yangu tayari. Akavua kofia.

"Jambo, Bwana."

Akapita.

Kesho yake mkewe: "Jambo, Bwana." Kisha wavuvi. Kisha vijana niliooga nao ziwani tukiwa uchi. Hakuna aliyenitania, hakuna aliyenikaribisha kwenye ugali wake. Nikifika, mazungumzo yanakufa. Kwetu mtu asiyetaniwa ni mgeni au ni maiti.

Wilondja alijua kulipiza kisasi kuliko mimi. Mimi nilihitaji mizani, mzungu na askari. Yeye neno moja lilimtosha, na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Nilivumilia mpaka jioni moja mama aliponiwekea sahani, macho yake chini. "Chakula iko tayari, Bwana."

Nikaacha kazi, nikaondoka. Albertville, Kigoma, Usumbura, Bukavu, kila mahali mgeni. Mama alikufa, habari zikanifikia amekwisha kuzikwa. Waliozileta waliniambia jembe lile la Wilondja mama alililimia mpaka likaisha.

Wewe uliyemaliza shule jana na bado hujapata kazi, kama yuko mtu anayekucheka kila asubuhi, mwache acheke. Anakucheka kwa sababu wewe ni wake bado. Ukipata kiti, usikigeuze fimbo.

Miaka yote hii sijakutana tena na mtu wa kuniuliza nimeandika mihogo mingapi.