Chumvi Katika Maziwa ya Kinsi

Kwa Kinsi, mama mwenye nyumba ya wageni mjini Garissa, palikuwa na vyumba vinne vya udongo, vitanda vya kamba tisa, na kunguni wa kutosha mji mzima. Hakuna msafiri aliyefika pale kwa kupenda usingizi. Walifuata maziwa. Dereva aliyetoka Wajir na vumbi kooni alizipita hoteli tatu zenye viti vizuri zaidi ili aketi kwenye jamvi la Kinsi, apewe mkate mwembamba wa anjera, nyama ya mbuzi, na kikombe cha susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi.

Aliyekunywa alikuwa na wajibu wake. Kabla ya kurudisha kikombe alitakiwa aseme ngamia yule alilisha wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya mwenye nyumba, na kunyamaza kulikuwa sawa na kumwambia kwamba amekupa maji. Mmoja angesema ni migunga ya kando ya mto. Mwingine angembishia, akimwambia ulimi wake ni wa mchunga punda. Ubishi ungeendelea hadi adhana ya alasiri, na Kinsi, nyuma ya pazia la gunia, angecheka peke yake kwa kuwa jibu alilijua.

Hayo yalikuwa kabla ya hali ya hatari. Mwaka huo wa 1966 Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, na watu wa Garissa walikuwa bado wakiomba kibali cha kwenda kuzika ndugu zao. Wafugaji waliamriwa waingie katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Mnyama aliyekutwa nje alihesabiwa kuwa wa shifta, waasi wa porini, na mwenye mnyama vilevile.

Dekow, ndugu pekee wa Kinsi, alikwenda kukitazama kijiji alichopangiwa. Aliliona vumbi, akaona vichaka vilivyokwisha kutafunwa hadi mizizi, akageuza ngamia wake siku hiyohiyo. Ngamia asipopata majani ya chumvi huota upele na kukonda hadi afe. Majani hayo yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, katika bonde la mashariki ya mji, na bonde hilo lilikuwa limefungwa. Mtu aliyeonekana huko hakuulizwa jina.

Abshiro, mke wa Dekow, alikuwa ameandikishwa kijijini na watoto. Wanawake waliruhusiwa kutoka kutafuta kuni, na kila siku ya tatu alipita kwa Kinsi na punda aliyebeba mzigo wa kuni, na ndani ya kuni kibuyu cha maziwa ya Dekow. Kinsi alikuwa wa kwanza kuonja. Chumvi ikiwa kali, Dekow yuko palepale. Ikififia, amehama. Maziwa yakifika, yu hai. Hakuwa na njia nyingine ya kupata habari zake.

Wateja nao walikuwa na ndimi. Walikunywa, wakajua ni chumvi ya bondeni, wakarudisha vikombe kimyakimya. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Hapakuwa na sheria iliyomkataza mtu kusifu maziwa. Ilitosha kwamba kila nyumba ilikuwa na ndugu yake porini.

Siku hiyo msafara wa malori uliingia saa saba mchana, na nyumba ikajaa. Kinsi alikuwa amesimama motoni tangu alfajiri. Miguu ilimvimba, mgongo ulimuuma, na tangu mwezi uandame hakukumbuka siku aliyokula akiwa amekaa. Kutoka nyuma ya pazia alisikia sauti aliyoijua.

"Abaayo, dada yangu Kinsi, miaka miwili nakunywa chai ya Nairobi, maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Nipe kitu cha kunirudisha kwetu."

Alikuwa Guleid, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Eldas. Vita vilimkuta Nairobi, na miaka miwili yote alikuwa akisubiri kibali cha kurudi nyumbani. Kando yake aliketi kijana mrefu wa bara, sare yake imefifia mabegani. Alikuwa inspekta wa polisi, na nyumba ya wageni ya serikali ilikuwa imejaa.

Kinsi alitaka kusema maziwa yamekwisha. Lakini harufu ya moshi ilikuwa imejaa chumbani, na Guleid hakuwa mtu wa kudanganywa na pazia. Akampelekea kikombe.

"Mletee na huyu," alisema Guleid. "Kwenye lori alinigawia mkate wake."

Inspekta alikunywa, akakunja uso, akanywa tena. "Makali. Lakini mazuri."

"Sasa kunywa polepole nikufundishe," alisema Guleid kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sisi kwetu mgeni hushukuru kwa ulimi. Huyu ngamia hakunywa maji ya mto."

Kerrow, muuza nyama aliyekula pale kila siku, alikohoa. Akakohoa tena.

"Mpeni maji huyo," alisema Guleid bila kugeuka. "Onja pembeni mwa ulimi, kijana. Unasikia panavyokauka? Hiyo ni chumvi ya majani. Na si majani ya popote."

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kutafuna. Guleid alidhani wanamsikiliza kwa kuvutiwa.

Inspekta aliweka kikombe chini. Hakuonekana mkali, alionekana kama mtu aliyekumbushwa kazi wakati wa chakula. "Majani hayo yanaota wapi, mzee?"

Kinsi akatoka nyuma ya pazia, mikono imejaa unga. Alikichukua kikombe cha Guleid mbele ya watu wote, akaonja, akatema sakafuni.

"Adeer, mzee wangu Guleid, Nairobi imekuharibu," alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie. "Hiyo ni chumvi yangu ya jikoni. Haya ni maziwa ya unga, ya kopo. Nachanganya na maji, natia chumvi na limau, namimina kwenye kibuyu chenye moshi. Ngamia nitamtoa wapi mimi?"

Guleid alimtazama kama aliyepigwa kofi. Mwanamke wa Kisomali alikuwa amesimama nyumbani kwake, akisema kwamba huwadanganya wageni kwa maziwa. Afadhali angekiri wizi.

"Nionyeshe hilo kopo, mama," alisema inspekta.

Alilileta. Lilikuwa kopo la maziwa ya msaada alilopimia unga wa anjera, na ukingo wake ulikuwa bado mweupe kwa unga. Inspekta aliligeuza, akalinusa.

"Hata sisi tunajua," alisema Kerrow kutoka pembeni. "Mwaka mzima anatunywesha unga. Tunakuja kwa ajili ya nyama, na nyama ni yangu."

Wawili watatu wakacheka kidogo. Guleid aliangalia nyuso zao, moja baada ya nyingine, kisha macho yake yakarudi kwa Kinsi, na sasa akaelewa.

"Ni kweli," alisema. "Ulimi wangu umezeeka. Nilikuwa najisifu tu."

Alisema hivyo yeye, ambaye kutoka Eldas hadi Ijara hakununua ngamia bila kuonja maziwa yake. Inspekta akacheka, akarudisha kopo, akamalizia kikombe. "Basi mimi nimependa unga, mama. Niko hapa wiki nzima. Nitakunywa kila siku."

Asubuhi Guleid aliondoka na msafara wa kaskazini. Mlangoni alimwinamishia Kinsi kichwa, akapanda lori. Kinsi alikwenda dukani kununua kopo lililojaa la maziwa ya unga.

Siku ya tatu Abshiro alifika na punda. Kinsi alikitoa kibuyu kwenye kuni, akamimina kiasi cha kujaza kiganja, akanywa. Chumvi ilikuwa kali, ikikausha pembeni mwa ulimi.

"Yuko palepale," alisema.

"Yuko. Anakusalimu."

"Wape watoto haya yaliyobaki. Na usilete tena, hata tone."

Abshiro alimtazama. "Sasa utajuaje kama yuko?"

Kinsi alikaa juu ya gogo la kuni, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akanyoosha miguu iliyovimba. Ulimi wake ulikuwa bado mkavu, na hakutaka kumeza mate, chumvi isipotee.

Ndani, inspekta aliita maziwa yake. Kinsi alikaa kidogo zaidi. Kisha akainuka, akafungua kopo, akaanza kukoroga.