Siku Shangazi Tatu Alipokataa Kuniona

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina la mtaa ninaoishi, hiyo sitaisahau. Nilikuwa nimekalishwa kitandani nimepambwa, mikono imejaa hina, mvua inapiga makuti ya paa. Shangazi aliyenilea akaingia chumbani, akasimama mbele yangu, akakataa kuniona. Hakuwa na hasira nami. Alikataa kwa akili, na mpaka leo nikiifikiria akili ile, mwili unanisisimka.

Nimeikumbuka juzi ulipokuja kutoka Mbezi kunijulia hali. Nilikukuta bombani umeweka zile lenzi zako za kuvaa machoni kiganjani, unazisuuza. Nikakuuliza, ukanijibu, "Dawa yake ghali, bibi. Nabana matumizi." Sikukukaripia. Kubana matumizi ni adabu njema. Ila kaa kitako nikusimulie, maana unadhani bibi yako hajui lenzi ni mdudu gani. Naijua. Niliiona kabla mama yako hajazaliwa.

Shangazi Tatu alikuwa dada wa baba yangu. Mama alipofariki mie bado nanyonya, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea katika nyumba yake ya udongo Kinondoni. Kinondoni ya wakati ule, bendera ya Mwingereza ingali inapepea mjini, ilikuwa minazi na mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, na alisifika.

Lakini macho yake yalikuwa mtihani. La kushoto lilikufa yeye akiwa mtoto. Liliuma, likawa jekundu, jamaa wakalikamulia majani, likaota wingu jeupe na halikuona tena. Likabaki la kulia, nalo alipokuwa mwari likaanza kuchongoka kwa mbele kama ncha ya yai. Mwezi mmoja mbinguni yeye aliuona umerundikana, mmoja juu ya mwingine. Alijaribu miwani, kila miwani ikamrudisha palepale. Ikawa anashona kwa kupapasa, vidole ndiyo macho, na mie ndiye niliyemtungia uzi sindanoni.

Siku hizo pakavuma habari ya daktari wa macho hospitali ya mjini, kijana wa Kihindi mzaliwa wa humuhumu, amerudi kutoka masomoni Ulaya. Nikampeleka shangazi, kwa miguu hadi Magomeni, kisha kwa basi. Daktari akampima, akamwita tena, na tena, mpaka majirani wakaanza kutucheka.

Mara ya mwisho alifungua kijikebe, akachovya kidole kwenye dawa, akatoa kitu. Nikakodoa macho, sikuona kitu. Nikadhani anatutania. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, ndipo kikametameta, chembamba kama gamba la dagaa.

"Mama, tazama chini. Usiogope," akasema, na akakiweka juu ya jicho. Juu ya jicho lenyewe, mwanangu! Mie nilishika ukuta. Shangazi akaruka, machozi yakamtiririka, daktari akamwambia asubiri yatulie. Tukasubiri. Kisha akainua uso.

Alitazama ukuta, akatazama mikono yake mbele na nyuma, kama mtu aliyeazimwa mikono. Halafu akanigeukia.

"Wewe," akasema. "Kumbe una kidoti chini ya jicho."

"Ninacho, shangazi. Tangu kuzaliwa."

"Tangu kuzaliwa," akarudia. "Na mie nimekuogesha miaka yote hiyo."

Daktari akatupa mgongo, akajifanya anatafuta kitu nje ya dirisha. Tulipotoka, shangazi akasimama kando ya barabara akitazama mti, mti wowote tu wa barabarani. "Subhanallah," akasema. "Kila jani limejitenga na mwenzake. Mie nilidhani mti ni kitu kimoja." Watu wakatupita na mizigo yao, na hakuna aliyejua kwamba pale kuna mtu mzima anauona mti.

Kile kioo, ndiyo lenzi ya wakati ule, alipewa kwa hisani, na hakikuwa na bei kwa sababu hapakuwa na mtu anayekiuza. Daktari alimmwagia masharti. Usikishike kabla hujanawa kwa sabuni na kujifuta mikono ikauka. Usilale nacho. Usikilambe, usikioshe kwa maji ya kisima wala ya bomba, dawa yangu tu. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au ukiona ukungu, kitoe na uje kwangu siku ileile. Mwingine angesahau nusu ya maneno hayo kabla basi halijafika Magomeni. Shangazi aliyashika kama Fatiha. Na kwa kuwa dawa ilikuwa kichupa kidogo na mjini ni mbali, aliibana kwa njia yake. Alivaa kioo saa za kushona tu, asubuhi mwanga ukiwa mzuri, akimaliza anakitoa. Kupika, kufua na kuzungumza na majirani alifanya bila hicho. Lakini siku anayovaa, dawa aliitumia kama alivyofundishwa, hakupunguza hata tone.

Basi nikaposwa. Mchumba wangu alikuwa karani wa reli kule Tabora, amekuja likizo, amefikia kwa mjomba wake Magomeni. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unakatika, Ramadhani iko mlangoni, harusi haikuweza kungoja. Masika nayo haikungoja. Jangwani pakafurika, njia ya mjini ikafungwa. Na katika pilikapilika za kusogeza vyombo ili wageni wapate pa kukaa, kichupa cha dawa cha shangazi kikaanguka kikapasuka. Dawa yote ikanywewa na sakafu.

Siku ya harusi nikapambwa. Wanawake wakaimba, vigelegele vikashindana na radi. Shangazi alikuwa ameshona kwa mkono wake pindo la ushungi wangu, maua madogo madogo ya hariri, kazi ya miezi. Kila mtu alitaka shangazi anione nimeuvaa. Bi Zena, jirani yetu, mwanamke mwenye roho nyeupe kabisa, akamshika bega.

"Tatu, kilambe tu ukivae. Mate ya mtu na jicho lake ni ndugu."

"Au maji ya dafu," akasema mwingine. "Hayajaguswa na mkono wa mtu."

Nami nikatia langu. Nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi hanyimwi. "Shangazi, mtungini mna maji yaliyochemshwa. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Akanigeukia. Hakupandisha sauti, ila chumba kizima kilimsikia.

"Kwa ajili yako? Waliolikamulia majani jicho hili la kushoto, nao walinipenda. Mama yangu mzazi ndiye aliyenishika kichwa. Hakuna adui aliyewahi kuyagusa macho yangu, mwanangu. Ni wapenzi tu. Sasa limebaki moja. Nikilichezea leo ili nikuone, wanao nitawaona kwa nini?"

Bi Zena akainamisha kichwa.

"Watu husema macho hayana pazia," shangazi akaendelea. "Basi mwenye nayo ndiye pazia."

Kisha akaketi mbele yangu, akaniwekea viganja usoni. Alianza kwenye paji, akafuata nyusi, akagusa mashavu, akapapasa pindo la ushungi ua baada ya ua. Hakuharakisha. "Mzuri," akasema. "Nitakuja kukutazama." Akasimama, akaenda kupakua pilau. Nililia, na wanawake wakadhani ni kilio cha kawaida cha mwari. Mie nilikuwa nimeingiwa na hofu ile anayoingiwa mtu akiona kitu kikubwa kuliko yeye. Nilifikiri namjua shangazi yangu. Kumbe nilikuwa nauona mti kama kitu kimoja.

Mvua ikapumzika, maji yakapungua, njia ikafunguka. Shangazi akaenda mjini akarudi na dawa. Nilikuwa bado fungate pale Magomeni, na safari ya Tabora imekaribia. Asubuhi akabisha hodi, akaomba maji na sabuni kabla hata ya kukaa. Akanawa, akajifuta kwa kitambaa safi alichokuja nacho, akakiweka kile kioo jichoni. Akaniambia, "Vaa tena. Vyote."

Nikavaa vyote. Hina ilikuwa haijafifia. Nikasimama penye mwanga wa mlango, naye akanitazama mpaka nikaona haya, mpaka haya zikaniisha. Mume wangu alichungulia, akaona wanawake wawili wanatazamana, akarudi polepole alikotoka. "Nimekuona," shangazi akasema mwishowe. Jicho lile lilimfikisha uzeeni. Wanangu wote aliwaona, na gauni la kwanza la mama yako alilishona yeye.

Sasa nitamke wazi, mwanangu, usije ukaondoka na hadithi ukaacha nasaha. Mie si daktari, lakini nilipokwenda kutolewa mtoto wa jicho nilimuuliza muuguzi habari za lenzi zenu hizi laini, akaniambia masharti ni yaleyale. Maji ya bomba yana vijidudu visivyoonekana, na mdharau mwiba mguu huota tende. Hata ya kuchemsha, hata ya chumvi ya kujitengenezea nyumbani, usiyatie. Dawa ya jana kwenye kikebe imwage, usiongezee mpya juu yake, na kikebe chenyewe ubadilishe mara kwa mara. Lenzi za kuvaliwa mwezi mmoja zikitimiza mwezi tangu kufunguliwa zitupe, hata kama ulizivaa siku chache. Usilale nazo, usiogee nazo, usimwazime shoga yako lenzi za rangi hata kama ni harusi ya dada yake. Jicho likibadilika, toa, nenda hospitali, usingoje kesho.

Ukitaka kubana, bana penye nafasi ya kubana. Vaa miwani nyumbani na kwenye basi, lenzi ziwe za siku zenye shughuli. Muulize mpimaji wa macho kama za siku moja, za kuvaa na kutupa, zitakufaa wewe usiyevaa kila siku, maana hizo hazihitaji dawa ya kuhifadhia. Uliza bei maduka mawili matatu yanayojulikana, usinunue barabarani. Na siku mfuko ukiwa mtupu, vaa miwani bila haya.

Nenda salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulindie nuru yako, akuoneshe ya heri, akufumbie ya shari, na akujaalie uzee wa kuwatambua wajukuu zako wakiwa bado wako mbali, kabla hawajafungua mdomo kukuamkia. Amina.