Soksi Nyeusi za Kauko

Kwetu Kainuu, huku Ufini, mtu mwenye wivu huitwa mustasukkainen, yaani mwenye soksi nyeusi. Neno lenyewe lilitoka wapi? Wengine husema tulilichukua kwa Waswidi tukalisikia vibaya, wengine wanashikilia lao, nami nimechoka kuwasikiliza. Ninachojua ni kwamba jirani yangu Lempi alilifanya livaliwe miguuni.

Mumewe Kauko, mkata magogo, alikuwa na wivu wa kupindukia. Lempi akicheza dansi na mwanamume mwingine, nyumba nzima inanuniwa, hadi paka. Lempi hakugombana naye. Alifuma soksi nyeusi, akamtupia mapajani.

"Haya, vaa, watu wakujue!"

Alizivaa huku akinung'unika. Kila wivu ulipompanda alifumiwa nyingine, na tukivua nguo saunani, kwenye bafu letu la mvuke, tulimcheka mpaka naye akacheka.

Uzeeni Kauko akaanza kusahau. Yalimtoka majina ya miti, kisha ya watoto. Nilipowapelekea kuni, Lempi alinikaribisha kahawa, na Kauko alituangalia tu, hana habari.

"Jana kaniuliza mimi ni nesi wa wapi," Lempi aliniambia. "Tauno, nisikufiche, natamani anune. Anune mara moja tu, nijue bado mimi ni wake."

Sufu nyeusi ilikuwa imelala sandukuni muda mrefu.

Barafu ilipoyeyuka ziwani niliwapelekea samaki. Nikamsimulia Lempi nilivyounguza mkate hadi mbwa akaukataa. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, akanishika mkono. Kikombe kikagongwa mezani.

"Wewe," alisema Kauko, "huna kwako?"

Lempi akauachia mkono wangu.

"Nakuuliza wewe, unayekunywa kahawa yangu! Unamchekesha nini mke wangu?"

Nimefukuzwa kwingi maishani, lakini sijawahi kufurahi namna ile. "Yaishe, bwana, naondoka."

"Ondoka!"

Lempi alilia waziwazi, machozi yakimdondokea kwenye aproni. Akafungua sanduku, akatoa sufu nyeusi, akapiga magoti mbele ya mumewe.

"Lete mguu nikupime, mume wangu."

Nilipokuwa mlangoni navaa buti, Kauko alikuwa ameshasahau. Aliniuliza kwa upole kama nimepata kahawa.

"Nimepata, asante," nikamjibu. "Tulia hapo. Mkeo anakufumia soksi."