Pembe Nne za Bati

Katika miaka ile kabla ya Uhuru nilikuwa na mapenzi mawili: riwaya niliyoiandika jioni mezani kwa shangazi yangu kule Ruiru, na darasa la hesabu nililolifundisha mchana katika shule ya wavulana mjini Thika. Riwaya hakuna ambaye angeninyang'anya. Darasa nilikuwa nimepewa kwa muhula mmoja wa majaribio. Mwalimu mkuu, mtu mrefu wa maneno machache, aliniambia wazi kwamba Ijumaa ya mwisho angekuja kuketi nyuma ya darasa langu, na hapo ndipo angeamua kama nitabaki.

Tulikuwa tukijifunza kutafuta kipimo kilicho bora kuliko vyote. Kitabu kilitutaka tujenge ua wa kondoo wa bwana mmoja wa Uingereza. Wavulana walipiga miayo, nami nikapiga pamoja nao. Nikakifunga kitabu. Dirishani upepo ulikuwa ukileta harufu tamu ya mananasi yanayopikwa kiwandani, na harufu hiyo ikanipa somo. Nikawaambia kila mmoja alete kopo tupu la mananasi.

Kesho yake darasa lilikuwa kama jalala lenye furaha. Nikawauliza: kama makopo yote yanabeba kiasi kilekile cha mananasi, ni umbo gani linalotumia bati kidogo zaidi? Kopo refu jembamba linakula bati ubavuni. Fupi pana linakula bati kwenye kifuniko na kitako. Tulipima kwa uzi na rula, tukakokotoa, tukatia nukta kwenye karatasi ya grafu na kuziunga. Mstari ukashuka, ukatulia, ukapanda tena, kama bonde la mto Chania ukilitazama kutoka ng'ambo. Chini kabisa ya bonde palikuwa na jibu: kopo ambalo kimo chake ni sawa na upana wake.

"Mbona basi haya yote ni marefu?" akauliza mvulana mmoja wa Gatuanyaga, aliyekuja shuleni kila asubuhi na vumbi jekundu hadi magotini. Aliyapanga makopo mezani. Kweli, kila moja lilikuwa refu kuliko upana wake. "Mwalimu, hawa watu wanatupa bati. Tuwaandikie."

Wakaandika. Ilikuwa barua ya Kiingereza kizito, yenye heshima nyingi na majivuno zaidi, ya kukishauri kiwanda kibadilishe makopo. Mwalimu mkuu aliposikia alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema ataitia sahihi Ijumaa mbele ya darasa na kuipeleka posta mwenyewe.

Alhamisi nilipitia kwa fundi wa bati sokoni anitengenezee kopo letu bora, niende nalo darasani. Alikuwa akitengeneza taa za koroboi. Nilimweleza hesabu yetu yote, pengine kwa sauti ya juu kidogo. Alisikiliza bila kuacha kugonga, kisha akaniuliza kifuniko tulikikata kutoka wapi. Nikasema kifuniko ni duara.

"Najua ni duara, mwalimu. Lakini bati halizaliwi duara." Akakata mraba, akachora duara ndani yake, akalikata, na pembe nne zikaanguka miguuni pake juu ya rundo la pembe nyingine. "Hizi nazo nani amezilipia? Au wavulana wako watazila?"

Niliondoka na pembe nne mfukoni, masikio yakiwaka moto. Nilipofika Ruiru, kabla hata ya chai, nilichora grafu upya, nikihesabu kila kifuniko na kila kitako kama mraba mzima. Bonde likahama. Sasa kopo bora lilikuwa refu kuliko upana wake, kwa robo hivi. Shangazi aliniona nimeshika kichwa, akauliza kama ni yule msichana wa riwaya amekufa tena.

Ijumaa mwalimu mkuu aliketi nyuma, kalamu mkononi, barua gotini. Ningeweza kunyamaza. Angetia sahihi, angenibakisha, na kiwandani wangetucheka. Nikazitoa zile pembe, nikaziweka mezani.

Nikawaeleza alichonionyesha fundi. Yule wa Gatuanyaga akasema polepole, "Kwa hivyo tumekosea."

"Nimekosea mimi," nikamjibu. "Hatukwenda kumwuliza anayekata bati."

Nikawapa karatasi mpya. Walichora, bonde likahama mbele ya macho yao, na minong'ono ikaanza, ile minong'ono ninayoikumbuka kuliko sifa yoyote. Kisha mvulana huyohuyo akainua mkono. Je, kama vifuniko havipangwi kwa miraba? Kama vinapangwa kama masega ya nyuki, kila kimoja kikikaa kwenye pengo la wenzake, pembe si zitapungua?

Kengele ikalia, wavulana wakatoka wakibishana. Mwalimu mkuu hakutoka. Alikuja mbele, akaiweka barua kando bila sahihi, akaanza kuyasukuma makopo mezani, hili kwenye pengo la yale mawili.

"Pembe zinapungua kiasi gani?" akauliza.

"Sijui bado."

"Basi muhula ujao utanionyesha," akasema, macho yake hayajatoka mezani. "Kisha tutaiandika barua upya."

Nikamsogezea makopo mengine.