Nilichowaambia Wazazi wa Rafaeli

Asubuhi ile nilimkuta Mzee Aloisi akizungusha mkono wa mashine ya kumenyea kahawa, na mkewe, Mama Felista, akimimina buni mbivu juu yake. Walikuwa wakibishana. Mzee alisema mama anajaza mno, mashine itakwama. Mama akamjibu kwamba mashine haijawahi kukwama, kinachokwama ni mkono wake. Wakacheka wote wawili.

Mtoto wao Rafaeli, wa pekee aliyekua baada ya wawili kufa wachanga, alikuwa kwenye mfereji akifungulia maji ya kuoshea kahawa. Tulikuwa na umri mmoja, miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba mgambo wa kijiji chetu, huku Old Moshi, tunatakiwa kuripoti. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza.

Mzee aliacha mashine. "Mnakwenda wote wawili?"

"Wote, baba."

"Basi mrudi wote wawili."

Mama Felista aliingia jikoni. Alitupakulia kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, sisi vijana sahani yetu na wao yao. Walikula sahani moja siku zote. Mzee akishuka mjini, mama alimngoja, hata kama ni mpaka jua lizame. Wanaume wengine wa kijijini walimcheka mzee kwa hilo. Hakujali.

Tulifundishwa wiki chache, tukapelekwa mbele. Nakumbuka matope, viatu visivyonitosha, na Rafaeli akinisimulia jinsi baba yake alivyomchanjia mama yake kuni siku alipoumwa mgongo, akidhani hakuna jirani anayeona. Tulivuka mpaka tukaingia Uganda. Kule tulikuta migomba kama ya kwetu, na hilo lilitupa faraja ya kijinga, kana kwamba mtu hawezi kufia chini ya mgomba.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikuwa tukikatiza shamba.

Kombora la kwanza lilianguka nyuma yetu. La pili lilianguka karibu.

Rafaeli alikaa chini kama mtu aliyechoka. Paja lake lilikuwa limefunguka. Nilivua mkanda wangu nikamfunga. Nilimfunga vibaya.

Risasi zikaanza kukata majani. Sajenti alipiga kelele turudi nyuma. Wenzangu wakakimbia.

Rafaeli alishika shati langu. "Deo, nibebe."

Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Ningeweza kumbeba.

Nilimbandua vidole, kimoja kimoja. Nikakimbia.

Aliniita. Niliisikia sauti yake mpaka nilipofika bondeni.

Kesho yake alasiri tulirudi. Tulimkuta hatua kama ishirini kutoka pale nilipomwacha. Alikuwa ametambaa kuelekea upande niliokimbilia. Tulimrudisha ng'ambo ya mpaka, tukamzika Kagera pamoja na wenzake, na kwao hakurudi hata kwenye jeneza.

Niliporudi nyumbani, wazazi wake walinisubiri barabarani. Walisimama wameshikana mikono, jambo ambalo watu wa umri wao huku kwetu hawalifanyi mbele za watu. Nilisema risasi ilimpata kifuani, akafia mikononi mwangu, hakupata hata muda wa kusema neno.

"Ulikuwa naye?" Mama Felista aliuliza.

"Nilikuwa naye, mama."

Mzee Aloisi alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Asante kwa kutomwacha peke yake."

Tangu siku ile wakanifanya mtoto wao. Nilipooa, mzee ndiye aliyesimama upande wangu kwenye mahari. Mwanangu wa kwanza walimpa jina la Rafaeli, nami sikuthubutu kukataa. Kila Krismasi waliniita, na baada ya chakula mzee alisema, "Hebu msimulie mama yako." Nikasimulia. Uongo mfupi ulikuwa mgumu kuurudia, kwa hiyo nikaanza kuurefusha. Mwaka mmoja Rafaeli alisali. Mwaka mwingine akawataja kwa majina. Mama alisikiliza amefumba macho, mzee akimtazama yeye badala ya kunitazama mimi.

Miaka ikaenda. Macho ya mama yakaingia ukungu, kisha giza. Mzee alimshika mkono kwenda kanisani akimweleza njia: hapa pana jiwe, hapa kahawa ya fulani imechanua, huyu anayepita ni binti wa jirani, amenenepa. Mama akimwambia anyamaze, huku akicheka. Niliwatazama nikijua ni nani angepaswa kuwa ameushika mkono wa pili.

Siku moja, tukipogoa mibuni, mzee alizungumza bila kugeuka.

"Yule sajenti wenu nilikutana naye mjini, hospitali. Zamani. Aliniambia."

Kisu kilinitoka mkononi.

"Mama yako hajui," akasema. "Hayo unayomsimulia ndiyo yanayomlaza. Usije ukamwambia." Akaendelea kukata matawi. Krismasi iliyofuata alisema kama kawaida, "Hebu msimulie mama yako," nami nikasimulia mbele yake, akijua, nikijua kwamba anajua. Sijawahi kufanya jambo la aibu kuliko hilo, hata kule vitani. Kule nilikuwa na hofu. Hapa nilikuwa nimeshiba.

Mzee Aloisi alikufa miaka minne baadaye, tukamzika kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba. Arobaini ilipopita nilikata jani la isale, lile ambalo Wachagga hulipeleka kuomba msamaha na aliyepelekewa hawezi kulikataa, nikaenda kwa mama. Nilimkuta amekaa nje, uso kwenye jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Deo. Mbona sauti imekauka?"

Nilimwekea jani mkononi. Alilipapasa, akalitambua. Nikamwambia yote: paja, mkanda, vidole, sauti.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia, mama?"

"Wewe. Mwaka wa kwanza ulisema hakupata muda wa kusema neno. Baadaye akawa anasali. Mtu aliyemwona mwenzake akifa hasahau kama alisema au hakusema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ya baba yako. Yeye ndiye aliyekuwa anaomba usimulie. Nilidhani anaamini, nikaona nisimnyang'anye."

Ndipo nilipomwambia kwamba mzee naye alijua, na kwamba alinyamaza kwa ajili yake.

Alilizungusha jani vidoleni. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Basi tulimlilia mtoto wetu kila mtu peke yake. Miaka yote ile, kitanda kimoja."

Hakulirudisha jani. Alisema amenisamehe, kwa sababu desturi ni desturi na kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine. Kisha akaniomba nimwongoze mpaka kwenye kaburi la mumewe. Nilimshika mkono, nikimwambia penye mawe. Tulipofika aliniambia nirudi nyumbani.

"Niache," akasema. "Nina jambo la kumweleza."

Nilipofika kwenye mfereji niligeuka. Alikuwa amepiga magoti, anaongea.