Freni Zisizokazwa

Mume wangu alikuwa muuguzi wa dispansari ndogo upande wa Gety, nami nilifundisha darasa la tatu palepale. Tulikuwa na kamioneti ya zamani tuliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ndiyo iliyoleta dawa kutoka Bunia, na ndiyo iliyopeleka Bunia wagonjwa waliotushinda.

Ilipoharibika, tuliipeleka kwenye garaji moja ya mjini Bunia. Zamani garaji hiyo ilikuwa ya Mgiriki. Miaka ile ya Zaire, serikali ilipochukua biashara za wageni na kuwagawia wenyeji, ilimwangukia mtu aliyekuwa mkubwa katika Chama, chama pekee kilichoruhusiwa nchini. Hakujua injini. Alikaa kwenye kiti cha Mgiriki akiwa amevaa abakosi, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi, beji ya Chama kifuani, na kila mtu alimwita Patron, yaani bosi. Kazi yenyewe aliijua Muzee mmoja, fundi aliyebaki pale tangu siku za Mgiriki.

Safari hiyo gari lilikuwa likivuja mafuta ya freni. Tuliliacha asubuhi, na alasiri Patron mwenyewe alimkabidhi mume wangu ufunguo, akasema kazi imekwisha. Muzee hatukumwona. Tulipakia katoni za dawa, nikampakata binti yetu wa miezi minane, tukaondoka.

Tulikuwa tumekwisha pita Bogoro, tunateremka mlima, mume wangu alipokanyaga freni mara ya kwanza, kisha ya pili. Nilisikia pedali ikigonga chini kama kitu kitupu. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Shika mutoto."

Akashusha gia, injini ikalia. Upande wa kuume palikuwa na bonde, na nyumba nilizoziona huko chini zilikuwa ndogo kama masanduku ya viberiti. Upande wa kushoto ulikuwa ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa wakati barabara inakatwa. Alilipeleka gari kwenye udongo huo. Nakumbuka chupa zikipasuka nyuma, halafu kimya. Kifundo cha mkono wake kilivunjika. Pua ya gari ilikunjwa hadi kwenye injini. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Alianza kulia baadaye, kwa sababu sikuweza kufumbua mikono yangu. Nilitaka kumwachia na mikono ilikataa.

Lori la kahawa lilituvuta hadi Bunia. Dereva wake alitaka kutushusha kwenye garaji, nikamwomba atupeleke uani kwa kaka yangu, karibu na soko. Sijui nani alinifundisha hilo. Niliona tu kwamba gari likiingia kwenye garaji ile, halitasema tena kilichotupata.

Kesho yake nilikwenda kwa Patron peke yangu, maana mume wangu alikuwa amefungwa bandeji na maumivu yalimlaza. Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza huku akisoma karatasi, kisha akasema gari lilitoka kwake likiwa zima na kwamba mume wangu hakujua kuendesha. Halafu akaongeza kwamba nililete garajini alitazame. Nilisema litabaki lilipo. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

"Sitwayeni," akasema, neno la siku zile la kumwita raia mwanamke, "hii garaji ni Chama kiliipatia miye. Weye unasema Chama kinaua watu?"

Siku hizi maneno hayo yanaweza kuchekesha. Wakati ule yalikuwa mashtaka. Sote tulimjua mtu fulani aliyechukuliwa nyumbani kwake kwa sababu ya neno moja, asirudi. Nilijibu kwamba sikusema hivyo, nikatoka, na nilipofika barabarani niligundua kwamba nimesahau kuaga.

Mume wangu aliniambia tuache. Tuko wazima, alisema, na gari ni bati tu. Hakuwa mwoga; nilimwona akitoa risasi mwilini mwa watu. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali, na alijua jinsi mtu anavyoweza kuhamishwa hadi mahali ambapo hata barua hazifiki. Sikumwambia kwamba nilikuwa nikisikia pedali ile ikigonga chini kila nilipofumba macho.

Siku ya tatu, tukiwa bado kwa kaka yangu, walikuja watu wawili wa garaji na mnyororo. Kaka yangu alikuwa sokoni. Walisema Patron amewatuma kulivuta gari likatengenezwe bure. Nilitamani kuwaamini. Badala ya kuwajibu, nilifungua mlango wa kamioneti, nikaingia na mtoto, nikaketi mahali pa dereva. Mmoja alisema wanaweza kutuvuta sote. Mwenzake aliangalia majirani waliokuwa wakikusanyika kwenye ua, akaukunja mnyororo taratibu, wakaenda.

Asubuhi iliyofuata jandarme, askari wa serikali, alileta barua ya kuniita kwenye ofisi ya zone, yaani wilaya. Ilikuwa na jina langu, si la mume wangu. Haikutaja sababu. Nilifunga nguo za mtoto katika kitambaa, nikampa wifi yangu, nikamwonyesha jinsi anavyopenda kulishwa uji. Wifi yangu hakuniuliza nitarudi saa ngapi, na nilimshukuru kwa hilo.

Mume wangu alikuja nami, mkono ukiwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Ofisini tulimkuta msaidizi wa komiseri, mkuu wa zone, mtu mwembamba mwenye miwani, na Patron ameketi kando yake kana kwamba ofisi ni yao wawili. Muzee fundi alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Patron alikuwa amemleta awe shahidi wake.

Patron alizungumza kwanza. Alisema ninaharibu jina la mwanachama, na kwamba nimewafukuza wafanyakazi wake. Msaidizi aliandika. Kisha akaniuliza kama niko tayari kutia sahihi kwamba garaji ilitukosea, na kama ninajua kitakachonipata ikiwa nasema uongo. Nilisema nitatia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko ya watoto wangu wa darasa la tatu. Nilisema gari bado liko kwa kaka yangu, halijaguswa; kwa nini wasiende kulitazama? Mume wangu aliweka mkono wake mzima juu ya meza, akasema naye atatia sahihi.

Tulikwenda sote kwa miguu, kwa kuwa si mbali. Muzee alivua koti lake, akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tuliona miguu yake tu. Nilijua kwamba mtu huyu ana watoto, na mkate wao uko mikononi mwa Patron. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa alipotoka.

Alionyesha mahali ambapo mrija wa mafuta ya freni hufungwa kwenye gurudumu la mbele. Nati yake ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu. Haikuvunjika, haikukwaruzwa. Haikukazwa.

"Ni miye," akasema, akimtazama mume wangu, wala si msaidizi. "Niliifungua, sikuikaza. Patron aliniita niende kwa gari ya mukubwa moja, haraka. Nikamwambia hii haiyaisha. Niliporudia, mulikuwa mumekwisha kwenda."

Patron alianza kusema jambo. Msaidizi wa komiseri aliinama, akaigusa nati kwa kidole, ikazunguka. Alifuta kidole chake kwa leso. Mpaka leo sijui kama alifanya haki au aliona tu majirani walikuwa wengi mno. Alisema garaji italirudisha gari lilivyokuwa, na kwamba hakuna haja ya kuandika zaidi. Kile alichokwisha andika alikikunja akakitia mfukoni, na karatasi hiyo iliniogopesha kwa miezi mingi.

Muzee alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Patron alileta vipuri lakini hakuleta fundi, na Muzee ndiye aliyekuja kuifanya kazi palepale uani, bila kuitwa. Nilimpelekea chakula, nikamwomba msamaha kwa yaliyompata. Aliendelea kunyoosha bati.

"Mama," akasema, "tangu nilisikia mutoto alikuwa ndani, sikulala. Sasa nitalala."

Gari lilipona. Mimi sikupona. Tulipofika juu ya mlima ule, nilimwambia mume wangu asimame, nikashuka na mtoto mgongoni, nikateremka kwa miguu mpaka chini alikonisubiri. Nilifanya hivyo kila safari kwa mwaka mzima na zaidi. Abiria walizoea. Wengine walishuka pamoja nami kwa heshima tu.

Mwisho wake ulikuja siku ya mvua. Tulikuwa tukirudi na dawa kutoka Bunia, na nyuma, chini ya turubai, tulikuwa tumembeba mwanamke tuliyemwokota njiani, uchungu umemshika. Nilikuwa nimeketi naye, na mtoto wangu alikuwa kwa baba yake mbele. Gari liliposimama juu ya mlima kunisubiri, nilijaribu kuinuka. Mwanamke yule alikuwa ameshika vidole vyangu, na hakuviachia. Niligonga bati ya kabini mara mbili, ishara ya kuendelea. Nikafumba macho. Nilimsikia mume wangu akikanyaga freni, akiachia, akikanyaga tena, hadi barabara ikawa tambarare, na mwanamke akaniambia ninamuumiza mkono.