Mashuka Mia Tatu na Thelathini

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mkunjo, kwa sababu shuka alilolikunja yeye lilikaa pembe kwa pembe kama daftari jipya. Alikuwa na miaka kumi na tisa pale, na ulimi usio na breki. Shuleni aliishia kidato cha tatu, baba yake alipougua, na katika yote aliyoyaacha huko, aljebra ndiyo iliyomuuma zaidi.

Msimamizi mpya alipokuja aliwakuta wanawake wanne wakitoa mashuka mia mbili na ishirini kwa siku. Akaongeza wawili, kisha akaandika ubaoni: s = 55w. Yaani mashuka ni hamsini na tano mara idadi ya wafanyakazi. Sita, basi, watatoa mia tatu na thelathini.

Wiki ikaisha, mashuka ni yale yale mia mbili na ishirini. Ijumaa msimamizi akawagawia barua za onyo, kila mmoja na yake: uvivu kazini. Mama Pacha, aliyebakiza miezi mitano astaafu, aliisoma mara mbili, akaketi juu ya kapu la nguo chafu, akalia bila sauti.

Hapo Bi Mkunjo damu ikamchemka. Akamwendea msimamizi.

"Nipe chaki."

"Mama, rudi kazini."

"Niko kazini. Nipe chaki."

Akaichukua mwenyewe mezani, akaandika: s = 20(d − 40) ÷ 40.

"d ni dakika za zamu, mia nne na themanini. Arobaini za kwanza mashine ya kukaushia haina kitu, nguo bado zinafuliwa. Zinazobaki gawanya kwa arobaini, maana kila mzunguko ni dakika arobaini. Unapata mizunguko kumi na mmoja, kila mmoja mashuka ishirini. Zidisha."

Msimamizi alizidisha kwa midomo. Mia mbili na ishirini.

"Mbona wafanyakazi hawamo?"

"Hawamo kwa sababu mashine ya kukaushia ni moja. Lete wanawake sitini, watasimama mbele yake wakiitazama. Umetuandika sisi, mashine umeisahau, halafu sisi ndio wavivu."

Barua zilikusanywa mchana huo huo, kimya kimya. Samahani msimamizi hakuisema. Jumatatu hesabu ile ikaonekana mlangoni, imechapwa vizuri, chini yake jina la msimamizi. Bi Mkunjo aliibandua msimamizi akimtazama, akaichana vipande vipande.

Hasira alikwenda nayo hadi nyumbani. Binti yake alikuwa mezani na kazi ya shule: watu sita huchimba mtaro kwa siku nne, watu kumi na wawili watauchimba kwa siku ngapi?

"Majembe wanayo mangapi?" Bi Mkunjo aliuliza.

"Swali halisemi, mama."

"Basi liandike hilo kwanza, kabla hujaandika jibu."